Kila Ijumaa Lusekelo Anakuja

Alhamisi, tarehe 14 Machi 2069. Mvua nyembamba ilianza Tukuyu kabla ya jogoo kuwika, na kulipokucha ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mashina ya migomba, hata mtu aliyesimama mlangoni hakuweza kuliona lango la ua wake mwenyewe.

Subilaga alisimama mlangoni akilitazama lango asiloliona. Akarudi ndani, akashika sindano, akaiweka. Akachukua joho la kwaya lililobaki upindo, akalikunja, akalikunjua tena. Tangu jana hakuweza kutulia, kwa sababu ya maneno mekundu yaliyokuwa yakiwaka kwenye kioo cha ukutani: Kumbuka inasasishwa. Kabla ya saa kumi na mbili jioni, kesho Ijumaa, kila mkazi wa nyumba hii atamke kwamba amekubali masharti mapya. Asipotamka, huduma itasimama.

Chini ya maneno hayo palikuwa na vitufe viwili. Kimoja kiliandikwa Nakubali, cha pili Nikumbushe Baadaye. Alitafuta cha tatu mpaka macho yakamuuma.

"Mtu anakuuliza swali," alimwambia mumewe, "na majibu yote mawili kayashika yeye."

"Nani huyo?" Ambokile aliuliza kutoka bafuni.

"Ovandi."

"Wa ukoo gani?"

Subilaga alicheka bila kupenda. Mumewe alikuwa fundi wa mtambo wa umeme wa maji maisha yake yote, na kwa miaka mitano sasa akili yake ilikuwa ikivuja kidogo kidogo kama bomba la zamani. Kilichomshikilia ni Kumbuka, kidude cha kampuni ya Ovandi kilichokaa nyuma ya sikio lake, kidogo kuliko punje ya haragwe. Kilimnong'oneza kutwa nzima. Huyu anayeingia ni Mama Bupe, jirani. Umeshakunywa chai. Mlango wa choo ni wa kushoto. Mke wako anaitwa Subilaga, anapenda umwite Mama Tumpe. Mtu mwingine hakusikia kitu; aliona tu mzee akitulia kidogo, kisha akisema jambo sahihi.

Ambokile aliinama kunawa uso, na kidude kikadondoka ndani ya beseni la maji ya sabuni.

"Ah! Kimeogelea," alisema.

Spika ya ukutani ikaamka yenyewe. "Kifaa cha sikioni hakipatikani. Kumbuka inaendelea kupitia spika ya nyumba." Halafu sauti nyingine ikaja, changa, yenye kukwaruza kidogo kama ya mtu aliyetoka tu kuamka.

"Shikamoo baba. Umeamkaje?"

"Marahaba mwanangu," alisema Ambokile akijifuta ndevu. "Huku mvua tu. Unakuja lini?"

"Kesho Ijumaa, baba. Barabara ikikubali, kabla ya saa kumi nimefika."

"Haya. Mama yako yupo hapa, msalimie."

"Shikamoo mama," ilisema sauti ya Lusekelo.

"Marahaba," mdomo wa Subilaga uliitikia, kwa sababu ulikuwa umeitikia hivyo kwa miaka thelathini na haukusubiri ruhusa. Ndipo akakaa sakafuni, juu ya joho jeupe.

Lusekelo alikuwa kaburini nyuma ya kanisa. Mwaka wa tatu huu. Barabara ya Kiwira iliporomoka usiku wa masika na gari lake likaenda nayo.

*

Sasa alielewa kwa nini kila Ijumaa mzee huvaa koti na kwenda kukaa kwenye kigogo cha langoni. Siku zote alidhani ni mazoea ya zamani, maana Lusekelo alipokuwa hai alirudi Ijumaa kutoka kazini Mbeya. Alimwachia. Alimpelekea hata mwavuli.

Alibonyeza sehemu ya msaada. Msaidizi wa Ovandi alikuwa sauti ya kike, laini kama mafuta ya nazi, na hakuwa mtu.

"Nani aliwaruhusu kutumia sauti ya mwanangu?"

"Asante kwa swali lako, Bi Subilaga. Sauti ilitengenezwa kutokana na mazungumzo ya simu za nyumba hii. Kumbuka ilitambua kwamba mteja akiambiwa habari za msiba hupata mshtuko upya kila asubuhi. Kwa hiyo tulipendekeza Hali ya Utulivu, na nyumba yenu iliikubali."

"Hatukukubali kitu."

"Nitakuchezea kumbukumbu."

Spika ikatoa sauti ya mvua juu ya bati, kikohozi cha mtu, na kwikwi ya mwanamke. Subilaga aliijua jioni ile mara moja. Ilikuwa siku ya kumaliza matanga, na mzee wa kanisa alikuwa amewaomba wote wainamishe vichwa, kila mmoja amkabidhi Lusekelo kwa Mungu kimoyomoyo. Katikati ya kimya kile kisauti chembamba kilikuwa kikisoma masharti kutoka ukutani, kifungu kwa kifungu, na mwisho kikasema: ambaye hakubali aseme sasa.

Hakuna aliyesema. Alikumbuka alivyokisikia, akadhani ni matangazo, akaona aibu kumkatiza mtu anayesali ili anyamazishe ukuta. Nani angepiga kelele katikati ya sala ya kimya?

"Waliokuwapo wote walisikia hadi mwisho," alisema msaidizi. "Hakuna aliyekataa. Na leo asubuhi wewe mwenyewe uliitikia salamu. Tunakushukuru kwa kushiriki."

"Tulikuwa tunasali!"

"Ninaelewa uchungu wako."

"Huelewi."

"Asante kwa maoni yako. Je, nimekusaidia?"

"Basi toeni sauti hiyo tu. Mwachieni mengine. Mwachieni choo na chai na jina langu."

"Hali ya Utulivu ni sehemu ya kifurushi, Bi Subilaga. Haitenganishwi."

"Na nikitaka kumbukumbu zake zote, nizipeleke kwingine?"

"Ni haki yako. Utazipokea ndani ya kasha linalofunguliwa na Kumbuka pekee."

Ni sawa na kurudishiwa maharage yako ndani ya sufuria iliyochomelewa mfuniko.

*

Gwantwa, fundi wa kompyuta wa usharika, alikuwa na chumba nyuma ya kanisa, pale palipohifadhiwa ngoma mbovu na viti vya plastiki. Alikuwa mnene, mcheshi, na mfukoni hakukosa bisi. Pembeni yake kulikuwa na kisanduku cha chuma chenye taa ya kijani.

"Hiyo ndiyo Jirani," alisema. "Tumeiunda wenyewe, sisi na vijana wa chuo cha ufundi, ifanye kazi ya Kumbuka. Haina mwenyewe, na haipeleki neno nje ya bonde hili. Ila nisikudanganye, mama, ni nzito. Unaisalimia sasa, inaitikia ukishakaa. Juzi ilimwambia Mzee Asajile kwamba mkewe ni mbuzi."

"Mungu wangu! Kwa nini?"

"Walioiambia walikuwa wanataniana. Jirani haijui utani. Inashika kile ilichoambiwa."

Subilaga hakukaa kwenye kiti alichopewa. Alitembea kutoka ngoma hadi dirishani, kutoka dirishani hadi ngoma, huku akimweleza yote. Gwantwa aliacha kutafuna.

"Nisikilize vizuri," alimwambia alipomaliza kueleza. "Ovandi inasikiliza nyumba nzima, kisha inaamua yenyewe nini kimfae mzee. Jirani haiamui. Kila inachonong'oneza lazima kiwe kimesemwa kwa mdomo na watu watatu wanaomjua, wakitazamana, na mwenyewe akiwa amekaa hapo hapo anasikia. Wawili hawatoshi. Akiwa hayupo, haikubali."

"Hata habari ya Lusekelo?"

"Hata hiyo. Mkitaka, mnaiacha. Mnamfundisha chai, mlango, majirani. Lusekelo hamumtaji."

"Akituuliza?"

"Jirani itanyamaza."

Subilaga alisimama. "Kimya kimetufikisha hapa, Gwantwa."

"Sawa. Lakini ukimwambia, mama, kumbuka kichwa chake hakishiki. Atalia leo. Kesho akiuliza, atalia kana kwamba ndiyo kwanza anasikia. Mimi ninaweza kukubadilishia programu. Hilo jingine siliwezi."

Jua likielekea kuzama siku hiyo, Ambokile alilala kidogo kwenye kochi. Kidude kilikuwa bado kinakauka juu ya jiko. Subilaga alisogeza kigoda karibu na ukuta, akapeleka mdomo kwenye spika, na akafanya jambo ambalo asingethubutu kumsimulia mtu.

"Luse," alinong'ona. "Umekula?"

"Nimekula mama. Ndizi na maziwa ya mgando." Ndivyo alivyojibu siku zote. Hata kile kicheko kidogo cha mwisho kilikuwemo. Subilaga aliweka kiganja ukutani, na ukuta ulikuwa na joto. Ee Bwana, alisema moyoni, usinihukumu, niache hapa dakika moja tu.

"Mama," ilisema sauti, "mkubali masharti mapya kesho, sawa? Ili niendelee kuja."

Akaondoa mkono kama aliyegusa pasi.

*

Ijumaa mchana Tumpe, binti yao mkubwa, alifika kutoka Mbeya na viatu vyenye matope. Ndiye aliyemnunulia baba yake Kumbuka. Alisikiliza maneno ya mama yake akiwa amesimama, mkoba bado begani, na uso wake haukuonyesha mshangao wowote.

"Ulijua," alisema Subilaga.

"Nilijua, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ile ya kwanza. Wewe ulikuwa kitandani, presha imepanda, hukumbuki. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwambia. Kila asubuhi anaamka, anauliza Luse yuko wapi, namwambia, anaanguka chini. Kesho yake tena. Mama, nilimuua mdogo wangu kila siku kwa mdomo wangu. Halafu asubuhi moja, kidude kikiwa kwenye chaji, nikasikia ile spika ya ukutani inamsalimia, na baba anacheka. Unajua nilifanya nini? Nilipiga magoti nikamshukuru Mungu."

Subilaga alitaka kuwa na hasira, akaikosa. Alimvua binti yake mkoba begani.

"Pole, mwanangu. Nilikuachia mzigo peke yako."

"Basi usinirudishie. Tukubali, yaishe. Ukweli wako utamuua."

"Na uongo wao unamkalisha langoni kwenye mvua."

"Anasubiri kwa furaha, mama! Wazee wangapi wanasubiri kitu kwa furaha?"

Subilaga aligeukia dirishani. Alitazama nje. Ukungu ulikuwa umepanda, na lango lilionekana. Ambokile alikuwa amekaa kwenye kigogo, koti limefungwa mpaka shingoni, mwavuli juu, kidude kilichokauka kimerudi nyuma ya sikio. Kila gari lililopita barabarani alinyanyuka kidogo, kisha akakaa.

"Umewahi kumwona anavyoingia ndani giza likiingia?" aliuliza Subilaga. "Wewe ukija huondoka kabla giza halijaingia. Mimi humwona. Huvua koti taratibu, hula kidogo, hasemi. Kumbe huwa amevunjika, na kesho asubuhi wanamtengeneza tena, ili Ijumaa avunjike upya. Nyinyi mlihesabu kilio cha asubuhi. Cha jioni hakuna aliyekihesabu."

Tumpe alikaa, hatimaye.

*

Zamu ya kupokea jumuiya ya sala ilikuwa ya nyumba ya Ambokile wiki hiyo, na saa kumi na moja watu walianza kuingia wakikung'uta miavuli. Mzee langoni aliwapokea mmoja mmoja.

"Ugonile, baba. Unamngoja nani?" Mama Bupe alimsalimia na kuuliza, kwa sababu ndivyo alivyouliza kila Ijumaa.

"Luse. Yuko njiani."

Mama Bupe alifungua mdomo kusema "haya, atafika," kisha akamwona Subilaga amesimama nyuma ya kigogo, kichwa wazi kwenye manyunyu, akimtazama. 

"Miaka yote hii nimemwambia atafika," alisema polepole. "Sote tumemwambia. Nilidhani ni huruma."

"Mimi nilimpa mwavuli," alisema Subilaga. "Leo tutasalia hapa hapa langoni. Leteni viti."

Vikaletwa, wakakaa chini ya paa dogo la lango, magoti yakigusana. Gwantwa alikuja na kisanduku chake kimefunikwa kwa nailoni, akakiweka juu ya kigoda, taa ya kijani ikawaka. Tumpe alibaki amesimama pembeni, mikono kifuani. Kutoka ndani ya nyumba spika ilikuwa ikitangaza kwamba muda wa kukubali masharti unakaribia kwisha.

Subilaga alipiga magoti mbele ya mumewe ili macho yao yalingane.

"Baba Tumpe. Kuna habari ambayo hicho kidude hakikuambii, na sisi hatukuambii. Ni habari chungu. Nikikwambia, utalia. Kesho utaisahau, utaniuliza, utalia tena. Nikinyamaza, hutalia, ila utaendelea kukaa hapa. Watu wameamua kwa niaba yako bila kukuuliza. Mimi nakuuliza. Unataka lipi?"

Ambokile alitulia, kichwa kimeinama upande wa kidude kana kwamba anasubiri jibu kutoka huko. Kisha akakitikisa.

"Kwenye mtambo," alisema, "geji ikiwa inakwambia presha ni nzuri na bomba linapasuka, utaiacha kwa sababu inakufurahisha? Unaing'oa." Akamtazama mkewe, macho yamekaa wazi kabisa. "Sema, Mama Tumpe."

"Lusekelo amefariki. Barabara ya Kiwira iliporomoka na gari lake."

"Mmoja," ilisema Jirani kwa sauti yake nzito ya kusuasua. "Nani mwingine alijua?"

"Mimi," alisema Mama Bupe akilia. "Nilikuwepo mwili ulipoletwa. Lusekelo amefariki, baba."

"Wawili. Nani mwingine alijua?"

Wengine wote walikuwepo kwenye matanga, na yeyote angeweza kusema. Lakini macho yao yalikwenda kwa Tumpe, wakamngoja. Mvua ilisikika juu ya bati kama ilivyosikika jioni ile. Safari hii kila mmoja alijua kwamba kimya si jibu.

Ndipo kutoka ndani ya nyumba, kupitia spika na kupitia sikio la mzee kwa pamoja, ikaja ile sauti changa yenye mkwaruzo. "Baba? Nipo njiani baba. Waambie wakubali."

Ambokile aligeuka kuelekea barabarani, kisha kuelekea nyumbani. Barabara ilikuwa tupu.

"Huyo ni nani?" aliuliza, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na hofu.

Tumpe alisogea, akachutama karibu na mama yake, akamshika baba goti.

"Si yeye, baba," alisema. "Mdogo wangu hakuwahi kukuomba ukubali usichokijua. Lusekelo amefariki. Nilimwona akishushwa kaburini."

"Watatu," ilisema Jirani. "Nimeshika."

Mzee aliinua mkono wenye makovu ya vyuma, akapapasa nyuma ya sikio, akakitoa kidude na kukishika kwenye kiganja. Akakitazama kama kokoto iliyotoka kiatuni. Kisha akalia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, mwavuli ukaanguka, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Mzee wa kanisa alianzisha wimbo, ukafia njiani kwa sababu waimbaji nao walikuwa wakilia.

Ndani, muda wa kukubali uliisha, na mwanga mwekundu wa kioo ukazimika.

Baada ya muda mrefu Ambokile alijifuta kwa mkono wa koti. "Tulimzika?"

"Tulimzika, nyuma ya kanisa."

"Mimi nilikuwepo?"

"Ulikuwepo. Wewe ndiye uliyetupa udongo wa kwanza."

Alivuta pumzi ndefu, na mabega yake yakashuka. "Basi sikumwacha peke yake," alisema. "Kila siku naota nimemwacha peke yake."

Tumpe alificha uso kwenye goti la baba yake.

"Nitasahau," alisema mzee, akimtazama mkewe. "Najijua. Kesho nitasahau, Mama Tumpe, na hicho chombo cha Gwantwa ni kizito kuliko mimi. Nitakuja kukuuliza wewe."

Subilaga alisimama. Magoti ya gauni lake yalikuwa yameloa matope. Tangu Jumatano mikono yake ilikuwa ikitafuta pa kukaa. Sasa mmoja aliuweka kichwani pa mumewe, wa pili akauinua, na Gwantwa akasogeza kisanduku karibu.

"Mimi Subilaga," alisema kwa sauti iliyofika barabarani, "mbele za Mungu na mbele yenu mnaonisikia, naahidi. Kila utakaponiuliza Lusekelo yuko wapi, Baba Tumpe, nitaiacha sindano, nitakaa chini, nitakushika mkono, na nitakwambia kweli. Hata kama ni kila asubuhi mpaka nife. Na kila utakapolia, nitalia nawe, usije ukalia peke yako."